Mshono wa Mwalimu Zuhura

Masomo ya Kibibi yalimshinda kila mtu kuyaeleza. Si udaktari, si ualimu, si sheria. Chuo kilimruhusu ajitungie mwenyewe shahada ya uzamili, achote huku uuguzi, huku dini, kule mila za watu, mradi apate walimu watatu wa kumsimamia. Ndiyo, figa moja haliinjiki chungu. Basi akaandika juu ya kuosha maiti wa Kiislamu hapa Minnesota, kazi aliyofundishwa na mamake, Bi Swafiya, aliyewaosha wanawake wa Pwani waliofia Minneapolis na Saint Paul.

Bi Swafiya mwenyewe figo zilikuwa zishakufa. "Siku yangu ikifika utaniosha wewe," alimwambia mwanawe. "Mkono mwingine siutaki." Na sharti lilikuwa moja tu, la waosha wote: unachokiona kwa maiti, unakifunika.

Sasa yule mwalimu wa mila, huyo ndiye aliyeleta balaa. Kila rasimu aliirudisha na neno lile lile: humu hamna mtu, nataka kisa cha kweli. Bila sahihi yake, hakuna shahada. Kibibi akachoka. Akaandika habari za mwalimu wa madrasa, mwanamwali mpaka uzeeni, aliyekutwa na mshono wa zamani wa upasuaji wa uzazi. Jina hakulitaja. Ajabu ya wasomi! Walimu wa madrasa waliokufa bila kuolewa mji huu walikuwa wangapi? Zuhura, basi.

Siku ya kuitetea kazi yake aliwaalika mamake na waosha wenziwe, wakae mbele waione heshima yao. Kizungu hawakijui, kwa hivyo hata hofu hakuwa nayo. Lakini aliyewaleta kwa gari ni Abdulbasit, nduguye marehemu Zuhura. Alikuwa awashushe tu aende zake. Baridi ya Januari ikamwingiza ndani, akaketi nyuma na koti lake. Na Abdulbasit Kizungu anakijua.

Kibibi alimwona wakati maneno yameshamtoka. Akaendelea kusoma, angefanyaje?

Alipomaliza, Abdulbasit alisimama. "Kibibi," akasema kwa Kiswahili, taratibu, "huyo mtoto yuko wapi?"

Wale walimu watatu, wasioelewa hata neno, walidhani ni pongezi, wakapiga makofi. Bi Swafiya hakuhitaji mkalimani. Mshono ule waliuona wawili tu, yeye na mwanawe, siku walipomwosha Zuhura.

Sahihi zote tatu zilitiwa. Abdulbasit alikuwa ameshaondoka na gari lake, na wale waosha wengine ndani, kwa hivyo mama na mwana wakarudi kwa treni.

"Mama, jina sikulitaja."

Bi Swafiya akageukia dirishani.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. U mwanangu." Bi Swafiya akavuta mtandio, akajifunika vizuri kifua na mikono. "Lakini nikifa, wewe ukae nje."