Dirisha la Inzoudine

Wiki chache baada ya visiwa kujitangazia uhuru mwaka 1975, meneja Mfaransa wa benki moja ya Moroni alifungasha mizigo yake. Kabla ya kuondoka alimwita keshia wake, Inzoudine, mtu wa Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine.

"Unajua cheo chako kwa Kifaransa, guichetier, kilitoka wapi?" alimwuliza. "Guichet ni kidirisha. Zamani guichetier alikuwa mlinzi wa gereza, mwenye kufungua na kufunga kidirisha cha mlango."

Inzoudine alicheka kwa adabu tu.

Mwanzoni mwa 1977 neno lile lilianza kumsumbua. Serikali ya Rais Ali Soilih ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa, zile zinazomaliza akiba ya miaka ishirini, na asubuhi moja watu wawili wa kamati ya serikali hiyo waliketi kwenye benchi lililoelekea dirisha lake. Mkubwa wao, Rachadi, alisema kwa upole, "Akija mtu kutoa fedha nyingi, mlipe. Kisha funga kidirisha. Yaliyobaki ni yetu."

Siku ile ile alikuja mzee mmoja, muuza nguo wa mtaa wa Magoudjou. Inzoudine alimlipa, akafunga. Alisikia benchi likilia, viatu vikiburuzwa, kisha mlango wa nje ukifungwa. Siku ya tatu mke wa yule mzee alisimama dirishani akauliza kama mumewe alifika pale. Inzoudine alijibu kwamba hajui.

Jumatatu iliyofuata aliinua macho akamwona Bi Koultoumi, jirani yao wa Mutsamudu, aliyemwuguza mama yake mpaka siku ya kufa. Bi Koultoumi alisukuma dirishani karatasi ya kutoa akiba yake yote, yenye jina lake.

"Binti yangu anaolewa, mwanangu," alinong'ona kwa Kinzuani, lugha ya kwao.

Inzoudine aliificha karatasi kiganjani, akapaza sauti. "Huna kitu hapa. Nenda zako, usitupotezee wakati."

"Inzoudine, ni mimi."

"Sikujui, mama. Anayefuata."

Bi Koultoumi akajifunika uso kwa nguo yake ya shiromani, akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Rachadi akaja taratibu dirishani. "Alikupa karatasi. Iko wapi?"

"Ilikuwa na makosa. Nimemrudishia."

"Nimemtazama akitoka mikono mitupu. Fungua mlango, Inzoudine."

Mlango wa chumba chake cha keshia ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ufunguo alikuwa nao yeye. Kabla ya kuugeuza aliitia ile karatasi mdomoni. Ilikuwa ngumu, ikamkwaruza koo, lakini alipofungua ilikwisha kushuka.

Walimweka ndani mpaka Mei ya mwaka uliofuata, serikali ilipoanguka. Alirudi Mutsamudu amekonda. Kichochoroni alimsalimu Bi Koultoumi, naye akampita kama anayepita kando ya ukuta. Bahiat, dada yake Inzoudine, hakuvumilia. Alimfuata Bi Koultoumi nyumbani kwake akamweleza yote aliyoambiwa na kaka yake.

Alasiri Bi Koultoumi alikuja kwa Inzoudine, akaketi kizingitini.

"Walikupiga?"

"Mwanzoni."

"Nami nimekulaani mwaka mzima. Nisamehe, mwanangu. Mungu akulipe."

"Usiniombee hivyo, mama. Wiki moja kabla yako alikuja mzee mmoja. Huyo nilimfungia dirisha. Nimeuliza Moroni. Hajarudi kwake hadi leo."

Bi Koultoumi hakuondoka; alibaki ameketi kizingitini mpaka jua likazama.