Mstari wa Thelathini na Sita

Damas alifika kwa Salma, mtaa wa Kikuyu mjini Dodoma, saa tano kasoro robo, shati limemganda mgongoni, na neno la kwanza alilopokewa nalo halikuwa karibu.

"Mtoto ana siku kumi na tisa," Mama Joha alimwambia mlangoni. "Arobaini bado. Kazi yenu haijui kuhesabu?"

"Shikamoo mama. Ni ya leo tu."

"Marahaba. Ya leo tu ndiyo uliyosema Jumanne."

Salma, fundi wa kompyuta wa shirika lao la maji, alicheka kutoka sebuleni. Mama Joha, mama yake, alikuwa ameshuka kutoka Kondoa kuja kumlea, na alikuja na sharti moja: mzazi hatoki nje mpaka arobaini itimie. Salma hakubishana. Aliomba kompyuta na printa ziletwe nyumbani, akaziunga na simu ya mezani, na tangu hapo akawa anaifungua kompyuta ya makao makuu, Dar es Salaam, kwa waya wa simu na kuitumia kana kwamba ameketi mbele yake. Damas alikuwa mpimaji wa maji kwa miaka kumi na moja. Aliamini alichokipima mwenyewe, na hili hakuwa amelipima.

Ila siku hiyo hakuwa na njia nyingine. Saa nane mchana kamati ingefunga orodha ya vijiji vya kuchimbiwa visima mwaka ule wa 2004, na ilitaka jedwali la vipimo kwenye karatasi, lenye sahihi ya mpimaji. Vipimo vyenyewe vilikaa ndani ya programu iliyofanya kazi kwenye kompyuta ya Dar peke yake. Kijiji cha mwisho kupimwa kilikuwa Chimwelo. Damas alikwenda huko mara tatu, na mara zote tatu alikuta ndoo zimepangwa foleni kwenye shimo la mchanga. Kijiji kisichokuwemo kwenye karatasi kingengoja mwaka mwingine.

Salma alifungua jedwali, akaamuru lichapwe. Printa ya sebuleni haikutikisika. Akarudia. Kimya.

"Imekufa?" Damas aliuliza.

"Haijafa. Haijaambiwa kitu."

Akakata mawasiliano ili aanze upya. Papo hapo simu ikalia.

"Napiga dakika ishirini nzima, simu inatumika tu!" Alikuwa Eliakimu, karani wa masjala kule Dar. "Jedwali lenu limetoka huku, nakala mbili. Nimegonga muhuri wa kupokelewa, nimetoboa, nimelifungulia jalada. Hii nakala ya pili nayo niifungulie lake?"

Damas alishika kichwa. "Eliakimu, hilo ni la Dodoma!"

"Kaka, karatasi ikitoka kwenye printa ya ofisi ni mali ya ofisi."

Salma hakucheka wala hakulalamika. "Basi jedwali ni zima," alisema. "Kompyuta ya Dar haiijui printa hii, kwa hiyo kazi inaipa ile inayoijua, ya hukohuko ofisini."

Aliunga tena simu. Katika orodha ya printa ambazo kompyuta ya Dar ilizitambua, alitafuta moja ya kiwanda kilekile, ya miaka ya nyuma, akaiambia kompyuta kwamba printa ya Kikuyu ndiyo hiyo. "Lugha yao ni moja," alieleza. "Kwa mgeni asiyekujua, jitambulishe kwa jina la kaka yako mkubwa." Damas alifuata kila hatua akitafuta kosa, asilione.

"Semeni bismillahi basi," alisema Mama Joha, mtoto begani.

Printa ikakohoa, ikavuta karatasi. Agizo lililotoka kwenye kiti hiki lilikuwa limekwenda Dar na kurudi, na wino ulikuwa bado mbichi. Damas alichomoa kalamu.

"Ngoja," Salma alisema. "Hesabu mistari kwanza."

Thelathini na mitano. Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa thelathini na sita. Salma alimpigia Eliakimu kwa simu ya mkononi, akamwomba asome mstari wa mwisho wa nakala yake. Jalada likasikika likifunguliwa.

"Thelathini na sita. Chimwelo."

Damas aliishusha kalamu polepole.

"Kwa jina hilo la kaka, Dar inadhani tunatumia karatasi ya Kimarekani," Salma alisema. "Ile ni fupi kuliko yetu kwa karibu sentimita mbili. Imekata chini." Alibadilisha kipimo cha karatasi, akachapa tena. Mstari ulikuwepo, chini kabisa.

Damas alihesabu mara mbili, akatia sahihi. "Ile ya kwanza ningeisaini," alikiri.

"Najua. Ulikuwa umeshatoa kalamu."

"Rudi arobaini ikiisha!" Mama Joha alimsindikiza.

Saa nane kasoro dakika kumi alikabidhi jedwali mjini. Akiwa bado kaunta, alifungua daftari la vipimo, lile ambalo hakuwahi kuandika ndani yake asichokipima, na mbele ya jina la Chimwelo akaongeza: *Imechapwa Kikuyu. Salma alihesabu.*