Samoni wa Mikono Saba

"Haki ya Mungu, mama watoto, ni kweli tupu! Nikidanganya, mkwe wetu ale samaki wangu," aliapa Mzee.

Fundi rangi huyu mstaafu alikuwa ameachiwa kazi moja tu: kupaka asali na sosi ya soya yenye ufuta kwenye vipande vinne vya samoni, kimoja kwa kila bakuli la wali. Binti yao na mumewe, waliooana karibuni, walikuwa njiani, na vipande vilikuwa vimebaki vitatu.

"Nilipaka mkono wa kwanza, kama rangi ukutani, nikasubiri ukauke," Mzee aliendelea, brashi mkononi. "Nikapaka wa pili. Kufika wa saba, kipande kinang'aa kuliko kioo. Kikajiona, kikajipenda! Kikasema, 'Mimi na urembo huu niliwe?' Kikaruka dirishani."

"Dirisha hili lililofungwa?"

"Kililifunga chenyewe. Kina adabu."

Mkewe hakucheka. Alimsogelea, akayatazama masharubu yake. Yaling'aa kama mlango uliopigwa vanishi, na punje ya ufuta imeganda katikati.

"Na haya, baba watoto, umeyapaka mikono mingapi?"

Mzee alijilamba kabla hajafikiri. "Fundi lazima aonje kila mkono," alinong'ona.

Hodi ikapigwa. Mezani, Mzee alikuta bakuli lake lina wali na matango matupu.

"Baba, mbona lako halina samaki?" mkwe aliuliza.

Mzee alimtazama mkewe, akashusha pumzi.

"Wangu nilimla jikoni, mwanangu. Mara saba."