Mlezi Mkuu wa Kinyonga

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia ndugu, jamaa na mahasimu wangu kwamba mimi, kiranja wa bweni, bingwa wa kutia chumvi kwenye chai ya walimu, mtu asiyeogopa chochote chini ya jua, niliteuliwa likizo hii kuwa Mlezi Mkuu wa kinyonga wa mdogo wangu wa kike. Uteuzi huo niliupokea nikiwa juu ya meza ya mama ya kukatia nguo. Nilipanda pale Mjomba alipofunua boksi, na nikasahau kushuka.

"Shuka basi, Mlezi," mama akasema. "Unakanyaga suruali ya mtu."

Mjomba ni daktari wa mifugo. Aliachiwa kinyonga huyo na mteja aliyehama, akaona amletee mdogo wangu, aliyekuwa amelilia mnyama mwaka mzima. Mama ni fundi cherehani: mbwa alimkataa kwa sababu ya kelele, paka kwa sababu ya manyoya kwenye nguo za wateja. Kinyonga hana kelele wala manyoya, kwa hiyo mama akaishiwa sababu, akabaki na sharti.

"Huyu akinifia humu ndani, nisisikie tena habari ya mnyama. Hata samaki."

Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshampa jina: Taratibu.

Kizimba cha wavu kiliwekwa chumbani kwangu, ndiko kwenye jua la asubuhi. Mjomba akapanga matawi, akatoa amri. "Mgeni ana hofu. Wiki hii amsogelee mtu mmoja tu, tena asimshike. Amnyunyizie majani maji, anywe matone. Ampe panzi walio hai, maana kisichotembea yeye hakihesabu kuwa chakula. Haya, nani?"

Mdogo wangu akaninyooshea kidole. "Kaka. Kaka haogopi kitu."

Ukishasemwa hivyo mbele za watu, utajibu nini?

Asubuhi yake nilifunga mlango, tukabaki wawili. Jicho lake moja lilinikazia mimi, jingine likatazama dari, kana kwamba linaomba ushauri huko juu. Nilipogusa mlango wa kizimba alitanua kinywa, akatoa sauti ya tairi linalopungua upepo, akawa mweusi ti. Sikumbuki nilitokaje. Nakumbuka tu kwamba komeo lilinikwaruza bega.

Maji nilimnyunyizia kwa mbali, kupitia wavu, kwa ile chupa ambayo mama hunyunyizia nguo akipiga pasi. Balaa ilikuwa panzi. Mdogo wangu aliwawinda uwanjani mpaka magoti yakachubuka, akaniletea kopo mlangoni na kunikabidhi kwa mikono miwili, kama anayetoa sadaka. Mimi nililiinamisha dirishani kwa rula, wote wakaenda zao.

"Amekula?"

"Amekula. Tena anakusalimu."

Alicheka, akarudi mbio kuwinda wengine. Kila alipocheka niligeukia dirishani.

Maana Taratibu alianza kukonda. Macho yale ya kutisha yakadidimia, mbavu zikajichora. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini kunguru huyu alilala chumba kimoja na yule anayemkimbia. Mwanzoni nilijifunika shuka nikiogopa asije akatoka kizimbani. Baadaye nikawa naamka kabla ya jogoo, nauangalia ubavu wake kama bado unapanda na kushuka, huku nimeziba mdomo kwa mkono nisimshtue. Mara mbili nilishika mlango wa kizimba nikiwa na panzi kikombeni. Mara zote mbili alifungua kinywa, nami nikafungua miguu.

Ndipo Mjomba akapiga simu. "Nakuja kesho. Nikusanyie kinyesi chake nikione. Kiwe cheusi, na ncha nyeupe. Anayekula lazima anye."

Elimu ya bweni haikunitupa. Nilichukua majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, nikayakanda na unga, nikayaviringisha, kila kipande nikakitia ncha ya dawa ya meno. Nikaandaa kwenye kisosi. Kazi safi.

Mjomba alikiangalia kisosi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa mdogo wangu ashike. Kisha akamtazama Taratibu, na uso ukambadilika.

"Anakula, anakunya, halafu amekonda hivi? Huyu ana minyoo. Tena mingi." Akafungua mkoba, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. "Ni kali hii, ila tumbo lina chakula, ataihimili."

"Na kama halina?" niliuliza.

"Hawezi kupona. Njoo na taa, mama," akamwambia mdogo wangu.

Mdogo wangu hakwenda. Alikuwa ameinamisha pua kwenye kisosi. Nami nilikuwa nimelikodolea macho lile bomba, linaingia kizimbani.

"Mjomba, kinyesi cha kinyonga kinanukia dawa ya meno?"

Chumba cha pili, cherehani ilinyamaza. Mjomba akanusa. Akanusa tena.

"Tangu lini kinyonga akapiga mswaki?"

"Usimpe!" nikapiga kelele. "Hajala! Hajala kitu tangu aje!"

Mjomba alirudisha bomba mkobani polepole. Mdogo wangu hakulia. Alitoa panzi koponi, akaingiza mkono kizimbani, akamshikilia karibu na tawi. Taratibu hakutikisika. Mkono wa mdogo wangu ukaanza kuchoka, akaushikilia kwa ule mwingine. Kisha jicho moja likageuka. Likageuka na la pili. Ulimi ukaruka, ta! Panzi hayupo, na lile taya dogo likaanza kutafuna.

"Mpe mwingine," Mjomba akanong'ona. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni, akashusha pumzi.

Baada ya panzi wa tatu mdogo wangu aliufunga mlango wa kizimba, akanigeukia.

"Sasa sema, Kaka."

"Namwogopa."

"Nani?"

"Kinyonga. Na panzi." Nikarudi nyuma hatua moja. "Na wewe, hivyo unavyoniangalia."