Mtoto wa Kurasa Mia Tatu

Jumatatu saa nane mchana, Kaluki alikuwa mezani kwake Kikima akiandika makala ya kuwafunza akina mama namna ya kumzoesha mtoto kulala mchana. Mwanawe Kitheka, wa miaka minne, alikuwa juu ya kabati akikataa kulala mchana. Gazeti la Nairobi lilitaka makala kufikia saa kumi. Jikoni uji ulikuwa unafurika, na jirani alikuwa amemwachia kuku wake awaangalie, kwa vile, alisema, Kaluki hana kazi.

Hilo la kukosa kazi alikuwa amelisikia kwa miaka tisa. Safu yake ya malezi gazeti lilikuwa likiitoa bila jina lolote. Kwa saa za kuiba, kati ya kufua na kupika, aliandika riwaya. Alichotaka kilikuwa kimoja, na wala hakikuwa kikubwa: kitabu chenye jina lake juu ya jalada. Sasa riwaya ilikuwa imeisha, mchapishaji alikuwa ameikubali, na alitaka nakala iliyosahihishwa imfikie ofisini kabla ya Ijumaa. Ismahan, mwenye duka la fotokopi karibu na soko, alikuwa amemchapia kurasa mia tatu na kumi na mbili, na Kaluki alikuwa amezifunika kwa shali kitandani ili Kitheka asizione.

Alikuwa amefika aya ya tatu aliposikia kitu kikilia chumbani. Akaenda, akafunua shali, akaiinua riwaya na kuipapasa. Sura ya nne ilikuwa imelowa. Hakushangaa, sura hiyo alikuwa na shaka nayo tangu mwanzo. Akaipangusa, akaifunga mgongoni kwa leso, akarudi mezani. Riwaya ikatulia, na makala ikafika Nairobi saa kumi kasoro dakika mbili.

Jioni mtaa mzima ulijua kwamba Kaluki, mke wa Mwangangi, amejifungua. Wanawake walikuja na sukari, maziwa na unga wa wimbi. Walimpakata mtoto kwa zamu, wakampindua kurasa mbili tatu, wakakubaliana kwamba amefanana na baba yake. Mwangangi, ambaye aliuza saruji na mabati na hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa riwaya hiyo, alimwangalia kwa makini, akasema kweli anaona kitu hapo kwenye paji la uso.

Siku mbili zilizofuata, Kaluki alikuja kumwambia Ismahan baadaye, zilikuwa tamu kuliko zote za ndoa yake. Alipokuwa mtu wa kuandika tu, yeyote angeweza kumtuma posho mill kusaga mahindi. Sasa kwa kuwa ananyonyesha, hakuna aliyethubutu. Mmoja alimfulia, wa pili akampikia, wa tatu akamchukua Kitheka hadi jioni, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuiomba. Kaluki alikaa kitandani na kalamu nyekundu, riwaya magotini, na kila aliyechungulia aliona mama na mtoto akaurudisha mlango polepole. Alisahihisha mpaka ukurasa wa mwisho.

Siku ya tatu mama mkwe wake, Mbinya, alifika kutoka Mbumbuni kwa bodaboda, jogoo kwapani. Kwao mtoto hupewa jina siku ya tatu, na jina la mtoto wa Mwangangi lisingetolewa bila yeye. Kaluki alimpa kiti, akampa chai, kisha akamweleza kwa heshima kwamba jina lipo tayari, limeandikwa ukurasa wa kwanza, na chini yake lipo la Kaluki mwenyewe.

"Mwaitu, mama, hii ni kitabu," akasema. "Nimeandika mimi."

"Na inalia?"

"Inalia."

"Basi hiyo ni mtoto. Na mtoto wa hii boma ni wa nani?"

Kaluki akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anamtazama jogoo.

Ismahan, aliyekuwa amekuja na chupa ya chai ya maziwa, aliposikia wanatafuta jina la kiume, aliuliza wamejuaje ni mvulana. Mbinya akamjibu kwamba ni mzito na hajamwachia mtu yeyote amani. Wakamwita Ndolo, jina la marehemu mjomba wa Mwangangi, wakapiga vigelegele, na jogoo akachinjwa.

Alhamisi ilibaki kumpeleka mtoto kwa mchapishaji, Nairobi. Kaluki alikuwa amefunga mkoba na kuvaa viatu, lakini wanawake walimkuta mlangoni. Aliyejifungua juzi hapandi gari, walimwambia. Mtoto atapelekwa na baba yake. Alibishana nao, akakasirika, mwishowe akalia. Wakasema uzazi una uchovu wake, wakampa supu. Mwangangi alifunga duka, akambeba Ndolo pamoja na chupa ya maziwa, akaondoka.

Alipiga simu jioni kusema mambo yameenda sawa. Kulikuwa na fomu tu, na ameijaza.

"Umejaza aje?" Kaluki akauliza.

"Vile tulijaza ya Kitheka, ile ya nursery."

Aliikumbuka fomu ya Kitheka vizuri: jina la mtoto, halafu jina la baba.

Kesho yake alimpigia mchapishaji. Msichana aliyepokea simu alikuwa na adabu. Alisema jina linaweza kubadilishwa bila shida yoyote, wakipata tu barua kutoka kwa baba. Mwangangi hakukataa, ila alisema yeye si mtu wa kalamu. Basi Kaluki akamwandikia barua hiyo, ukurasa mmoja, safi kuliko chochote alichowahi kuandika. Mwangangi aliisoma mara mbili.

"Nikisaini hii," akasema, "watu watasema nimemkana mtoto."

Akaikunja, akaiweka kwenye droo ya misumari.

Vitabu vilikuja Agosti, katoni kumi, vyote vikiwa vimelala. Jalada lilikuwa zuri, hilo Kaluki hangeweza kulikana. Juu, kwa herufi nyekundu: NDOLO. Chini: MWANGANGI. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa hadi nje. Watu walitoka hata Mbumbuni. Ukoo ulimtuza Mwangangi mbuzi. Alisimama na suti mpya, akasema si rahisi kuandika ukiwa na watoto nyumbani, na kwamba anamshukuru mkewe kwa uvumilivu. Kaluki alikuwa nyuma kabisa, akipiga makofi na wengine.

Katikati ya hotuba nakala moja mezani iliamka, ikaanza kulia. Mwangangi aliishika kwa mikono miwili, mbali na suti, macho yakitafuta ukumbini.

"Mama Ndolo," akaita kwenye maikrofoni, "kuja uchukue mtoto wako."

Watu wakampisha. Kaluki akampokea, akamfunga mgongoni, akatoka naye nje kumbembeleza ili hotuba iendelee.