Ngazi Moja Chini

Nafasi ilikuwa moja na waliojiandikisha walikuwa sita. Watano walikuja na viatu vya shambani. Wa sita alikuwa Mheshimiwa.

Jina hilo alipewa wiki yake ya kwanza chuoni, aliposhuka bandani kufundishwa kukamua akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama kisu. Ng'ombe alimtazama, akamtazama mkamuaji aliyekuwa akimfundisha, kisha akasogea pembeni kumpisha. Tangu siku ile hakuna aliyemwita vingine. Hata mwalimu wa udongo, mama mfupi asiyecheka ovyo, alilisoma jina hilo wakati wa mahudhurio akidhani ndilo la kwenye cheti.

Mvivu hakuwa. Chuo kile cha kilimo kilikuwa na vikundi vingi kuliko madawati, naye alikuwa amevipitia karibu vyote. Kwa wafuga nyuki alidumu siku moja, kwa sababu ya manukato yake. Kwenye uyoga alipewa zamu ya kunyunyiza maji, akanyunyiza kwa moyo mmoja mpaka uyoga wote ukaoza. Kilabu cha mdahalo kilimpenda sana, lakini mdahalo haukupeleki popote likizo ikifika, na Mheshimiwa alikuwa na shida na likizo. Iliyopita, kwa kukosa pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, alipangiwa stoo ya chuo, akaosha mabomba ya kunyunyizia dawa wiki nane mfululizo. Alipotoka huko aliapa kwamba bomba la nyongeza litaoshwa na mtu mwingine.

Timu ya udongo ndiyo iliyokuwa na mlango wa kutokea. Wanafunzi wanne hukiwakilisha chuo kwenye mashindano ya vyuo, na wakimaliza huchukuliwa likizo nzima na kikosi cha utafiti wa udongo, kile kinachozunguka na gari lake kikichimba mashimo na kuchora ramani. Watatu walikuwemo tayari. Nafasi ya nne ilikuwa ya mwaka wa pili tu, na huruhusiwi kujaribu mara mbili. Ukikosa, stoo ipo palepale, na mabomba hayajioshi.

Kazi yenyewe ukiisikia utadhani mchezo wa watoto. Unashuka shimoni, unachukua udongo kiganjani, unaulowesha kidogo, unaukanda, halafu unausukuma kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukikatika mapema, mchanga umezidi. Ukirefuka ukaning'inia, huo ni udongo wa mfinyanzi. Kuna ngazi tano: mchanga mtupu, mchanga tifutifu, tifutifu yenyewe, tifutifu nzito, na mfinyanzi juu kabisa. Siku ya mtihani hakuna mashine wala kitabu. Unaulizwa wewe na vidole vyako.

Mheshimiwa alizijua ngazi hizo mbele na nyuma. Tatizo lilikuwa vidole.

"Huu?" aliuliza Katapila, wiki moja kabla ya mtihani. Huyu alikuwa binti wa mwaka wa tatu, nahodha wa timu, mwenye mabega ya mtu aliyechimba mashimo mengi kuliko aliyohesabu. Alikuwa akiwapa mazoezi wale sita nyuma ya maabara.

"Tifutifu nzito," akasema Mheshimiwa.

"Tifutifu. Na huu?"

"Mfinyanzi."

"Tifutifu nzito. Mdogo wangu, kwako wewe dunia nzima ni ya kufinyangia vyungu."

"Labda vidole vyenu ndivyo vigumu, dada."

"Vigumu kweli. Ndiyo maana viko kwenye timu."

Wenzake wakacheka, naye akacheka nao kidogo, kwa adabu, kama mtu anayelipia kiti. Lakini alipoondoka alibeba mifuko sita ya udongo, kila mmoja na jibu lake limeandikwa chini.

Alikuwa akiishi na dada yake, kwenye chumba cha nyuma ya saluni ya dada huyo. Jumapili mchana aliipanga mifuko ile kwenye rafu, kati ya vitana na chupa za shampuu, akaanza kukanda. Alikosea wa kwanza, akakosea wa pili. Mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, aliuliza kama siku hizi chuo kinafundisha kupika.

"Kinafundisha kuchafua rafu za watu," alisema dada. Akachota udongo wa mfuko wa tatu kwa vidole viwili, akausugua. "Si mchanga tu huu wenye vumbi kidogo?"

Mheshimiwa aligeuza mfuko. Mchanga tifutifu. Yeye alikuwa ameandika tifutifu.

"Umebahatisha."

"Nipe mwingine."

Akampa. Akapatia. Akampa wa tano, akapatia tena, na mteja akasema yeye angemwajiri dada mtu, mdogo abaki kufagia nywele. Mheshimiwa alikuwa anaitazama mikono ya dada yake, iliyokaushwa na dawa za nywele miaka kumi, halafu yake mwenyewe, inayong'aa.

Dada naye aliiona. Akamshika kiganja, akapitisha kidole juu yake. "Unajipaka mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na mchana. Na nikinawa."

"Basi hushiki udongo wewe. Unashika losheni. Chembe zinateleza, unaona kila kitu laini. Acha kujipaka mpaka mtihani upite."

"Nikiacha inapasuka. Nitaonekanaje na mikono kama..." Akajikatiza, lakini alikuwa amechelewa.

"Malizia," alisema dada, bila hasira. "Kama hii inayokusomesha, bwana mkubwa. Mshikie mteja wangu kitana."

Alimshikia kitana hadi jioni, na hakuna aliyemwomba aondoke.

Jumatatu alimweleza Katapila, kwa sauti ya chini, nyuma ya tangi la maji. Katapila alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafikiri, maana alikuwa mtu wa kufikiri akishacheka.

"Lakini kosa lako linafanana kila mara, si ndiyo? Daima unapanda ngazi moja. Basi usijitese. Jipake losheni yako, na kila ukisoma, teremka ngazi moja."

Alisema nusu kwa utani. Mheshimiwa aliupokea kama sheria. Siku tatu alifanya hivyo: akisoma mfinyanzi, anasema tifutifu nzito, akisoma tifutifu, anasema mchanga tifutifu. Siku tatu hakukosa hata mmoja. Wale watano walianza kumsalimia vizuri. Ijumaa asubuhi, siku ya mtihani, alifika anang'aa hadi viwiko.

Mwalimu wa udongo aliwapanga kwenye mstari mbele ya ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya kufulia. "Kila mtu anawe mikono mpaka kwenye kifundo. Sitaki mtu aingie na udongo wa jana kwenye shimo la leo." Katika mazoezi walikuwa wakisuuza tu kwenye bomba la bustani. Mheshimiwa alinawa pamoja na wengine, akajikausha kwenye taulo, akatembea kuelekea shimo la kwanza akiwaza mafunzo ya likizo na dirisha la gari la kikosi.

Mashimo yalikuwa matatu. Kila shimo dakika kumi na tano, jibu linaandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kadi, na ukishapanda huruhusiwi kurudi tena. Kwenye la kwanza vidole vilimwambia tifutifu. Akateremka, akaandika mchanga tifutifu. Kwenye la pili vilimwambia tifutifu nzito. Akateremka, akaandika tifutifu. Alipanda akijisikia mwepesi.

Shimo la tatu lilisimamiwa na Katapila, aliyekaa ukingoni na saa. Mheshimiwa alichota udongo, akaulowesha, akausukuma kwa gumba. Haukutoka utepe. Alijaribu tena. Ulimomonyoka wote ukamwagikia kwenye kiatu. Mchanga mtupu, hapakuwa na ubishi. Akashika kalamu ateremke ngazi moja.

Akakaa na kalamu hewani.

Chini ya mchanga mtupu hakuna kitu. Ngazi zinaishia hapo. Alizihesabu upya kichwani, kama kuna moja aliyoisahau, kisha akatazama mkono wake. Vifundo vilikuwa vimepauka. Kwenye gumba palikuwa na mistari midogo myeupe, ya ukavu, na punje za mchanga zilikuwa zikimkwaruza kiasi kwamba alishangaa hakuzisikia mapema. Ndoo. Sabuni. Mkono huu ulikuwa mtupu tangu asubuhi, na ulikuwa ukisema kweli shimo baada ya shimo, naye akiupunguzia.

"Dakika nne," alisema Katapila.

Aliandika mchanga mtupu. Kisha akafuta kwa mstari majibu mawili ya juu, akaandika yale vidole vilivyosema, akainua kadi.

"Dada, naomba saini. Nimebadilisha la kwanza na la pili."

"Kufuta kunaruhusiwa, ila kwa sababu. Naandika sababu gani?"

"Nimekosea."

"Wote mnakosea. Sababu ni nini?"

"Nitakuambia baadaye."

"Baadaye utakuwa stoo."

Mheshimiwa alitazama juu. Wale watano walikuwa wamemaliza, wamesimama na mwalimu hatua chache kutoka ukingoni, hawana la kufanya ila kusikiliza. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi nyumbani kubadilisha soksi kwa sababu hazikulingana.

"Nilikuwa napunguza ngazi moja," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?"

"Losheni."

"Sijasikia. Upepo." Jani halikuwa likitikisika.

Mwalimu akasogea. "Anasema nini?"

Hapo Mheshimiwa alisimama wima shimoni, kichwa na mabega nje, kama alivyosimama kwenye mdahalo. "Mwalimu, mimi hujipaka losheni kutwa mara tatu. Vidole vyangu vilikuwa vinateleza, vinapandisha kila udongo ngazi moja, nikazoea kuiteremsha. Leo umetunawisha kwa sabuni, nami nikateremsha hivyohivyo. Nimepunguza ambacho hakikuwepo, mara mbili."

Kicheko cha wale watano kilisikika mpaka bandani. Mwalimu hakucheka. Alisubiri kiishe.

"Hii akili ya kuteremsha ulifundishwa na nani?"

Mheshimiwa alimtazama Katapila, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na saa.

"Niliamua mwenyewe," akasema.

Katapila aliweka saa chini. Akachukua kadi, akaandika muda mrefu kuliko saini inavyohitaji, akampa mwalimu. Mwalimu akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma mahudhurio: "Amebadilisha kwa sababu mikono yake ilikuwa na losheni siku zote isipokuwa leo, na kwa sababu ya ushauri wa kijinga wa nahodha." Aliigeuza kadi aone kama kuna zaidi nyuma. "Sababu imekubaliwa," akasema.

Saa nane matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa maabara. Waliopata mawili walikuwa wawili. Aliyepata yote matatu alikuwa mmoja, na kadi yake ndiyo iliyokuwa chafu kuliko zote. Mheshimiwa alilisoma jina lake, kisha akalisoma tena taratibu, kisha akampigia dada yake. Dada alimuuliza kama ameshakula, akasema saluni imejaa, akakata simu, halafu akapiga yeye, akasema, "Rudia, wateja hawakusikia."

Alikuwa bado anarudia wakati Katapila alipomletea sepetu.

"Ya nini?"

"Wiki ijayo tuna mazoezi, shimo hatuna. Anayeingia mwisho kwenye timu ndiye anayechimba. Hukuambiwa?"

"Kina gani?"

"Kifuani."

Akavua saa, akakunja mikono ya shati mikunjo mitatu iliyolingana, akaanza. Saa kumi alikuwa amefika magotini. Timu nzima ilikuwa imekaa ukingoni ikimwonyesha pembe zilizopinda, na mmoja alimtumia picha mtu wa stoo.

"Kifuani kwa nani, lakini?" aliuliza Mheshimiwa, akipangusa jasho kwa bega.

"Kwako," alisema Katapila. "Ungekuwa mfupi kama Mwalimu, saa hizi ungekuwa unaoga."

Akatema mate kiganjani, akaishika sepetu upya, akaendelea kushuka.