Ushuhuda wa Uso wa Mélissa

Mjukuu wangu Mélissa alikuwa na miaka kumi na saba, na uso ulikuwa unamuuma hata akilaza shavu kwenye mto. Hazikuwa zile chunusi za ujana za kutaniana. Yalikuwa majipu, mekundu, yenye usaha, na kila moja likipona liliacha shimo.

Alikuwa akinitegea vitendawili, kama nilivyomzoeza tangu mdogo.

"Kitendawili, Bibi!"

"Tega."

"Mgeni wangu hapigi hodi, na akiondoka anachimba sakafu."

Nilijua jibu. Nikasema nimeshindwa, ili nisiwe mimi wa kulitamka.

"Basi nipe mji."

"Chukua Kista, na maduka yake yote."

"Sitaki Kista. Kule watu wananiangalia."

Tunaishi Tumba, huku kwa Waswidi, watu watatu: mimi, yeye, na mama yake Dative, binti yangu, ambaye anasafisha maofisi. Daktari wa ngozi alikuwa ameshampa Mélissa jeli ya kupaka, kisha vidonge vya kuua vijidudu. Wapi! Siku tuliyokwenda sote, daktari alisema sasa imebaki dawa moja kali ya vidonge, inayokausha mafuta ya ngozi kutokea ndani. Midomo itapasuka, damu itapimwa. Tena dawa hiyo inaharibu mtoto tumboni, kwa hiyo msichana anayeitumia hupimwa mimba na hutumia kinga.

Dative alisimama. "Mimba? Mwanangu hajaolewa! Huyu anamwona malaya?"

"Mamma, sluta," Mélissa alisema kwa Kiswidi, yaani acha.

"Wanaulizwa wasichana wote," nikasema. "Hata mimi ningeulizwa, kama si hizi mvi."

"Mama, nyamaza na wewe. Tunaondoka."

Jumapili, kwenye ukumbi tunaokodi kwa ibada, akina mama huuza unga wa muhogo na dagaa watu wakishatoka kusali. Siku hiyo Dative alinunua pale kikopo cheupe cha krimu, hakina hata jina. Haukupita muda uso wa Mélissa ukawa laini kama yai lililomenywa, mweupe kuliko shingo yake. Alicheka mbele ya kioo. Nani asingefurahi?

Ibada iliyofuata Dative akasimama kutoa ushuhuda. "Walitaka kumpa mwanangu dawa za uasherati. Nikakataa, na Bwana amemponya!" Ukumbi mzima ukaitikia amina. Krimu hakuitaja.

Kikopo kilipoisha, uso ukalipuka. Ngozi ilikuwa imekonda kama ganda la kitunguu, inawaka, majipu yamerudi na wenzake. Dative akanunua kikopo kingine, na hicho hakikusaidia. Mélissa akaacha kwenda shule. Akawa anajifunga skafu mpaka chini ya macho.

"Dative, mtoto anaoza uso. Turudi kwa daktari."

"Na ushuhuda wangu? Nisimame niseme Mungu alikosea?"

"Mungu hakukosea. Ni wewe uliyefanya haraka kusema."

"Mama, wale ndio watu nilio nao katika nchi hii. Sina wengine."



Halafu wakaja wageni, waumini wenzetu wa Märsta. Mzee wa kanisa, Anicet, akaita mbele ya watu: "Dada Dative, tuletee yule binti aliyeponywa, wageni wamwone!"

Dative hakuinuka. Mélissa ndiye aliyeinuka. Alitembea mpaka mbele, akavua skafu.

Anicet alimtazama Dative, na sote tukamtazama. Neno moja tu lilitakiwa, krimu, na mtoto angepelekwa hospitali kesho yake.

"Ni adui," Dative alisema. "Amerudi kwa sababu mtoto ana mashaka."

Basi wakamzunguka. Waliweka mikono juu ya uso ule, wakabonyeza, wakakemea. Niliona majipu yakipasuka chini ya viganja vyao. Mélissa hakulia. Nilipenya kwa viwiko nikipiga kelele: "Toeni mikono! Ni krimu! Ni krimu hiyo!" Mama mmoja akanishika kichwa na mimi, akaanza kuniombea.

Kesho yake Mélissa alikwenda kwa daktari na mimi nikamsindikiza, kikopo kikiwa mkobani. Daktari alisema mara nyingi krimu za namna hiyo hutiwa steroidi kali, dawa isiyofaa kupakwa usoni hivyo. Aiache, na akiiacha hali itazidi kuwa mbaya kwanza, kabla ya vile vidonge kufanya kazi. Alipoulizwa habari ya kinga, Mélissa akasema sawa, hata hakuinua macho.

Sasa midomo yake inapasuka na majipu mapya hayatoki. Mashimo yapo. Daktari alisema mengine hayatafukika.

Jumapili Dative anakwenda kusali peke yake. Juzi alimwekea mwanawe chakula mezani, akamgusa shavu kidogo, kwa ncha ya kidole. Mélissa akarudisha kichwa nyuma. Akaniambia mimi, kwa Kiswidi, nimwambie mama yake asimguse tena.

Sikutafsiri. Dative anakijua Kiswidi.